Goli Nililolikataa Mhezi

Nilipanda Mhezi, kijiji cha milimani wilayani Same, kwa sababu moja: kuchezesha mechi ya mwisho ya ligi ya wilaya. Wenyeji wakishinda, wanaingia ligi ya mkoa kwa mara ya kwanza. Wageni wao, timu ya kijiji cha Kisiwani, hawakuwa na cha kupoteza. Mimi nilikuwa na sifa ya refa asiyenunulika, na niliipenda kupita kiasi, Mungu anisamehe.

Jumamosi saa mbili asubuhi niliondoka Same mjini kwa bodaboda, jasho likinitoka. Nusu ya mlima nikavaa koti, maana huko juu kulikuwa na ukungu na manyunyu.

Mhezi nilipangiwa kufikia kwa Mama Elia, mjane mkulima wa maharage. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanipakulia makande. Nikala sahani mbili, sikuona haya. Kuinua macho, naona jezi namba tisa imeanikwa juu ya meko. Akaniambia ni ya mwanawe, Elia, mshambuliaji wa kijiji. Lo, nikaweka kijiko chini.

Saa kumi mpira ulianza. Dakika za mwisho, bado bila bila, Elia aliruka na beki, akapiga kichwa, mpira ukatinga wavuni. Lilikuwa goli safi. Ila mchana kutwa nilikuwa nawasikia mashabiki wa Kisiwani wakinong'ona kwamba refa kashibia kwa akina Elia. Nikapuliza filimbi, nikadai amemsukuma beki. Hakumsukuma mtu. Mechi ikaisha bila bila.

Mvua ikanyesha, bodaboda zikagoma kushuka. Ikabidi nirudi nyumba ile ile. Elia aliniletea maji ya kunawa, mama yake akapakua. Hakuna aliyeutaja mpira. Afadhali wangenitukana.

Jumapili asubuhi, wakati wa kuaga, nilianza kujitetea kwamba watu wangesema nimehongwa chakula. Mama Elia alikuwa ananifungia ndizi za njiani.

"Mwanangu, kama uliogopa," alisema taratibu, "ungekataa makande yangu, ukamwachia Elia goli lake."

Nikazichukua ndizi, nikashuka. Same mjini walinisifu kwa msimamo, nami nikanyamaza.

Nilichojifunza ni kwamba niliogopa kusemwa kuliko kudhulumu. Msimu uliofuata nilipanda tena, nikakiri mbele ya Elia shambani kwake. Alinisamehe pale pale, jembe mkononi. Mpira alikuwa ameshaacha.