Wiki ya Maji Mafu

Jumapili moja ya msimu huu nilifanya jambo ambalo nakusimulia wewe tu, kwa sababu tumejuana siku nyingi. Nilimfuata mfanyakazi nyumbani kwake kumkagua kama anaumwa kweli.

Ni mama wa makamo, Mlutheri kutoka Lushoto, huchambua machungwa kwenye godauni ninalosimamia hapa Muheza. Msimu ukipamba moto tunaanza saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa moja jioni, siku saba. Aliniomba Jumapili moja. Nikamjibu mbele ya wenzake, "Na machungwa nayo tuyaambie yasubiri kuoza?" Watu wakacheka, nami nikajiona nimesema. Siku ilipofika akatuma ujumbe kwamba tumbo limemshika. Nikapanda bodaboda.

Mlangoni alitoka binti yake, wa darasa la tatu au la nne. "Shikamoo. Mama kaenda zahanati." Lakini upepo ulikuwa umeinua pazia, na nyuma yake niliona nyayo mbili za mtu aliyelala fofofo, visigino vimepasuka. Mtoto aliona nilichokiona, akainamisha uso. Nikaitikia marahaba nikageuka. Aibu iliyonishika njiani haijaniachia hadi leo, kwa sababu uongo ule niliwahi kuusema mimi, nikiwa na umri kama wake.

Nimelelewa Kigombe na bibi mzaa mama, mkulima wa mwani. Kama hujaiona kazi hiyo, mwani hulimwa baharini, kwenye kamba zilizofungwa vigingini, na mwenye kupanga saa za kazi ni maji. Wiki ya bamvua maji hutoka mbali, na bibi aliingia shambani saa tatu asubuhi, akainama maji yakiwa magotini mpaka yaliporudi mchana. Akifika nyumbani hakukaa bure. Tulifunga mbegu, vipande vya mwani mbichi, kwenye kamba barazani hadi vidole vikachunika kwa chumvi. Usidhani nakusimulia habari za peponi. Mgongo ulimuuma kila alipoinuka, nami nilichukia sare yangu ya shule kunuka mwani.

Kisha mwezi ukionekana nusu angani, maji yanakufa. Maji mafu hayatoki ya kutosha, shamba halifikiki, basi. Siku hizo wanawake wa Kigombe waligeuka watu wengine. Harusi zilipangwa maji mafu, nywele zilisukwa maji mafu. Asubuhi ulisikia nazi zikikunwa nyumba hadi nyumba, maana ndizo siku za samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, mapishi yasiyotaka mtu mwenye haraka. Na bibi alilala. Saa nne, jua limeshapanda, bibi kajinyoosha kwenye mkeka ukumbini, mlango wazi, anakoroma.

Mimi nikiona haya. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mchapakazi kwelikweli, na hakupitisha wiki bila kutukumbusha kwamba asiyefanya kazi na asile, na kwamba sisi wa pwani tumezidi kulala. Akisema hivyo nilidhani anamsema bibi yangu.

Basi siku moja ya maji mafu akaja mnunuzi wa mwani kutoka mjini, na pikipiki yake. Nikamwahi nje kabla hajachungulia ndani. "Bibi hayuko. Kenda pwani, shambani."

Akanitazama, akaitazama bahari, akacheka mpaka akashika kiuno. "Kenda shambani maji mafu? Analima kwa kupiga mbizi?" Majirani waliokuwa wakisukana barazani wakadakia. Kwa mwezi mzima bibi yangu aliitwa mpiga mbizi.

Kelele zikamwamsha. Hakunichapa wala kunikemea. Alikaa kitako, akajifunga kanga yake vizuri, akasema, "Nenda kamwambie bibi kalala. Nimelala, mjukuu wangu, sikuiba." Nikaenda nikasema, masikio yakiniwaka. Mnunuzi akajibu, "Haya, mwache alale, nitapita bamvua," akawasha pikipiki akaenda zake. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Nilisoma, nikapata kazi, na kumbe katika wale wawili walionilea nilimfuata mwalimu. Saa zangu zinapita tisini kwa wiki na nimekuwa nikizitaja kwa maringo. Nikipitiwa na usingizi mchana na simu ikaita, nakohoa kwanza, halafu nasema nilikuwa kwenye kikao. Na si mimi peke yangu. Mama mdogo aliyebaki Kigombe ananiambia mwani wa maji mafupi unaoza kwa joto, wanawake wanaufuata penye kina kwa mashua, na maji yakifa wanapanda pikipiki kwenda kutafuta vibarua. Maji bado yanakufa kila mwezi, ila hakuna tena nyumba inayolala.

Nilitaka kusafisha moyo wangu. Ratiba ya wiki iliyofuata nikaipanga mwenyewe, Jumapili nikaliacha jina la yule mama nje, na sikumwambia neno, kwa sababu kumwambia kungekuwa kukiri kwamba niliziona nyayo zake.

Jumapili hiyo, kabla ya saa kumi na mbili, alikuwa getini na kitambaa chake cha kazi kichwani. Amenizidi umri, lakini alinisogelea kwa unyenyekevu ulionichoma. "Bosi, naona jina langu halipo. Kama ni kwa ajili ya siku ile, nisamehe. Watoto wananitegemea."

Nikamwambia hana kosa, nimempa siku apumzike tu, arudi nyumbani. Hakuniamini hata kidogo. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, ni nani aliyechukua nafasi yake. Nilimrudishia maneno yale yale, naye akabaki amesimama pale pale. Tukiwa hivyo lori la kwanza likapiga honi, limejaa hadi juu, na ndani watu walikuwa pungufu.

Nikamfungulia geti.