Mume Wangu Alipolishusha Gari

Barabara ya kutoka Tawa kuja kwetu ni ya udongo, na mvua huichimba mitaro katikati. Kwa hiyo kila mwenye gari hapa hulipandisha. Huliwekea raba juu ya springi, ama magurudumu makubwa, na mwenyewe huketi huko juu kama hakimu. Mume wangu peke yake ndiye aliyeamua kulishusha lake.

Ni mtu mzima, ana duka la mbegu na dawa za mifugo, na kanisani ni shemasi. Wazo lilimwingia Mukuyuni, kwenye harusi, gari moja jeusi lilipoingia uwanjani likiwa limelalia ardhi. Wageni waliacha kumtazama bibi harusi. Mume wangu alilizunguka polepole, mikono nyuma, kama anayekagua fahali wa mbegu. Tuliporudi nyumbani aliniambia gari letu limesimama vibaya, kama mbuzi anayenyoosha shingo kula majani ya mgunga. Nililitazama. Lilikuwa limesimama kama gari.

Akaanza kutafuta ushauri, na huku kwetu ushauri haukosekani. Fundi mmoja pale Salama, kando ya barabara kuu, alisema hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua: anaitoa springi, anaikata ifupike kwa grinda, anairudisha. Jirani yake akasema kukata ni ushamba. Yeye huichoma kwa moto wa gesi mpaka ilegee, gari lishuke lenyewe. Nilimuuliza yule wa kwanza springi iliyokatwa hushikwa na nini gari likiruka shimo.

“Hapo, mama, unaomba Mungu,” akasema.

Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Shemasi atakataaje mpango wenye maombi ndani yake?

Aliyetuokoa ni rafiki yake, mzee wa kanisa, ambaye springi zake zilikuwa zimeshakatwa. Alijitolea kutubeba hadi kwenye mazishi fulani ili tuionje raha yenyewe. Raha yenyewe ilikuwa kwamba kila kijiwe kilipanda kutoka barabarani mpaka kwenye meno. Mzee aliendesha akitabasamu, akituambia gari la chini hushika barabara. Kwenye tuta la shule gari liliruka kidogo, kishindo kikasikika chini upande wangu, kisha likainama na kuanza kufuata njia yake lenyewe. Lilitupeleka hadi kwenye ua wa mkonge, likasimama.

Hakuna aliyeumia. Tuliposhuka tuliona springi imechomoka mahali pake. Kwa kuwa ilikuwa fupi, gurudumu liliponing'inia hapakuwa na kitu cha kuibana. Mzee aliikemea roho ya ajali kwa muda mrefu. Springi haikujibu. Tulifika mazishini kwa miguu, jeneza likiwa limeshateremshwa.

Jioni, akinywa chai, mume wangu aliniuliza, “Mama Watoto, nikifa kwa sababu ya urembo wa gari, kanisani watasema nini?”

Nilimwambia watasema lilikuwa gari zuri.

Nilidhani amekata tamaa, kumbe alichoacha ni kule kukata tu. Alipata gereji moja mjini Wote ambako walimwekea springi nzima, zilizotoka kiwandani zikiwa fupi, za aina ya gari letu, pamoja na shokabzoba fupi za kulingana nazo, ili springi ibaki imebanwa hata gurudumu likining'inia. Walipomuuliza lishuke kiasi gani, alionyesha kiganja kizima, halafu nadhani akaukumbuka mkonge, akaonyesha vidole viwili. Wakanyoosha magurudumu, wakarekebisha taa za mbele, wakazungusha usukani mpaka mwisho kila upande kuona kama tairi linagusa paipu ya breki.

Gari lilirudi nami sikuona tofauti. Majirani nao hawakuona. Mume wangu alisimama kando yake akingoja, mpaka mmoja akamuuliza kama magurudumu yamepungua upepo.

Kesho yake alisema lazima lijaribiwe na mzigo, maana gari tupu hudanganya. Akapakia mahindi, mimi nikaketi nyuma, akamwita mama yake aketi mbele. Mama mkwe ana magoti mabovu, na kumpandisha garini huwa kazi ya kusukuma na kuvuta. Asubuhi ile aligeuka, akakaa, akaingiza miguu. Basi. Akapapasa dashibodi, machozi yakimlengalenga.

“Mwanangu,” akasema, “umeishusha gari kwa ajili ya magoti yangu.”

Nilimtazama mume wangu kwenye kioo. Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, tena nafasi ndefu. Akawasha gari.

Jumapili mama alisimama kutoa ushuhuda kwamba wako wana wanaojenga maghorofa na kuwasahau waliowazaa, lakini wake ameliinamisha gari limfikie. Akina mama wakapiga vigelegele. Mume wangu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao nyumbani sijawahi kuuona. Wiki ile wanaume kadhaa wenye magari yaliyopandishwa walikuja dukani. Mama zao walikuwa wamewauliza wanangoja nini. Aliwaonya wasikate springi wala kuzichoma, wanunue nzima na shokabzoba zake, na wasiwe na tamaa ya kushuka sana. Aliyasema hayo taratibu, kama mtu aliyeongozwa na upendo tangu mwanzo.

Siku hizi tukienda Kitui, tukifika penye mto mkavu sisi wengine hushuka tukavuka mchanga kwa miguu, gari lisije likakwangua tumbo. Mama hubaki ameketi mbele, akitupungia mkono.