Robo Saa ya Kunyonyesha

Kabla ya amri ile, mwanangu wa kwanza alikuwa akishinda mgongoni mwangu. Tulikuwa wanawake wa kuanika katani kwenye shamba la mkonge, upande wa Muheza. Mtoto akilia, unakwenda kivulini, unakaa mpaka mwili upoe, unamnyonyesha, na wenzako wanakushikia kazi yako. Tulijiendea hivyo, wala hatukumwomba mtu msaada.

Mwaka mmoja katika ile ya hamsini akaja bwana wa serikali, akasema watoto wachanga wasikae karibu na mashine ya kuchakata mkonge. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Likajengwa banda la bati kule kambini, safi kabisa, akawekwa bibi mmoja Mdigo wa kuwatunza watoto. Kila anayenyonyesha akapewa robo saa asubuhi na robo saa mchana. Sikatai, nia ilikuwa njema. Mashine ile ilishawahi kuondoka na mkono wa mtu mzima. Lakini aliyeipanga robo saa hiyo hakuwa na titi.

Nilikuwa nakimbia njia nzima. Nikifika jasho linanitiririka, na mwanangu ameshaniona, ananyoosha mikono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu kaa upoe kwanza. Maziwa ya jua hayo, utamharisha mtoto."

Ndivyo tulivyolelewa: mama aliyetoka juani hukaa akapoa, akakamua maziwa ya mwanzo akayamwaga, ndipo anyonyeshe. Basi nilikaa, nikakamua, maziwa yakaishia mchangani na mtoto analia mbele yangu. Anapolishika titi tu, kengele ya kurudi kazini inalia. Namchomoa, nakimbia tena. Siku hizi wauguzi wananiambia maziwa hayaharibiki kwa jua. Wameniambia mwanangu akiwa tayari ana wajukuu! Niliyamwaga kwa mikono yangu mwenyewe, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Nikamwendea nyapara.

"Baba, nakuomba nusu saa."

"Amri ni robo saa, mama. Nikikuongeza wewe, wenzako niwaambieje?"

Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemtukana nikapumua. Nilirudi kwenye katani nikiwa sina wa kumlaumu, na kifua kinapungua siku hadi siku. Haukupita mwezi, maziwa yakakauka. Bibi akaanza kumpa mwanangu uji. Mimi niliendelea kwenda kengele ikilia, nampakata tu, namnusa kichwa, narudi.

Asubuhi moja nyapara akaja na orodha yake.

"Mama, bado unanyonyesha?"

Ningeweza kudanganya. Wenzangu walinikonyeza nidanganye.

"Hapana, baba."

"Basi huna haja tena ya kwenda bandani."

Kengele ikalia, wenzangu wakakimbia. Mimi nikabaki natandaza katani, nikijua kwamba saa hiyo mwanangu yuko mlangoni, anawatazama mama za wenzake wakiingia.