Mukonyo na Wivu wa Daipa za Mzee Wangila

Saa tatu asubuhi, Kitengela. Mukonyo Muthama anamgeuza Mzee Wangila kwa ubavu wa kushoto, anampangusa kwa maji vuguvugu, anamkausha, kisha anamvisha daipa mpya. Anapitisha kidole kiunoni kuhakikisha haibani. Kazi yote haichukui dakika sita.

"Zamani ilikuwa nusu saa na pini nne," anasema bila kutabasamu. "Hii kitu ni nzuri. Niliichukia kwa sababu ni nzuri."

Mukonyo, 51, mzaliwa wa Makueni, amemhudumia mzee huyu tangu 1997, mwaka mmoja baada ya kiharusi kumlaza. Wangila alikuwa fundi wa mitambo kule Magadi, mtu wa kucheka na watu. Ugonjwa ulipomnyima uwezo wa kuzuia haja, alijifungia chumbani.

Miaka hiyo daipa za watu wazima hazikuonekana katika maduka ya hapa. Mukonyo alikata taulo kuukuu, akazipanga tabaka tatu, ndani akaweka flaneli, nje akashonea karatasi ya nailoni. Alizifua kwa mkono, na wakati wa ukame maji yaliletwa kwa punda. Mzee alibadilishwa mara saba kwa siku. Nailoni ilimchubua mapaja, na taulo zikilowa zilimning'inia kwa uzito.

"Lakini zilikuwa zangu," anasema. "Wageni walikuwa wanasema, 'Mukonyo ako na akili.'"

Sifa hizo zilimtosha hadi Februari mwaka jana, 2005, Phylis, bintiye mzee, alipomleta Whitney Amolo, msaidizi wa wauguzi mwenye umri wa miaka 24 kutoka Embulbul, awe akija siku tatu kwa wiki. Whitney aliingia na pakiti ya daipa kwapani.

Siku hiyo mzee alikaa barazani tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, suruali kavu. Akacheka.

"Miaka nane nimemfulia, sijawahi ona hayo meno," asema Mukonyo. "Huyu msichana anakuja na karatasi, mzee anacheka. Nilisikia wivu."

Wivu huo ulimpeleka pabaya. Mwezi wa nne, waliofanya kazi na mzee kule Magadi walituma habari kwamba wangemtembelea. Siku waliyochagua ilikuwa mojawapo ya zile ambazo Whitney haji. Mukonyo aliificha pakiti nyuma ya gunia la makaa, akamwambia Phylis daipa zimeisha, akamvisha mzee nepi aliyoishona upya. Alitaka wageni waione kazi ya mikono yake.

Kabla hawajamaliza chai, mkojo uliteremka mguuni mwa mzee hadi kwenye kiatu. Mzee akavua kofia, akafunika mapaja.

"Hakuangalia wageni. Aliniangalia mimi," anasema Mukonyo.

Walipoondoka, Mukonyo alipiga magoti akasema ukweli. Phylis alimwambia afunge virago. Mzee, ambaye maneno humtoka kwa taabu, akainua mkono.

"Abaki," akasema. Akapumua. "Lakini asinifanye mtoto."

Kesho yake Mukonyo alizipima zote mbili kwenye karai. Nepi yake ilianza kuvuja kwenye kikombe cha pili cha maji. Daipa ilimeza vikombe vinne, na alipoigusa juu, ilikuwa karibu kavu. Bado hakuridhika. Jumapili akaivaa mwenyewe, akaenda nayo kanisani.

"Nilikuwa natafuta makosa yake, na nilipata," anasema, macho yakimng'aa. "Ikifika saa sita na jua, inachoma. Inalia chwa-chwa ukitembea. Flaneli yangu ni laini zaidi kwa ngozi. Lakini kuvuja? Hapo imenishinda."

Alimwendea Whitney na matokeo hayo. "Mama, hii hata sisi darasani hatukupima," msichana akamjibu. Tangu hapo Whitney anamfundisha kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza na kukagua vidonda vya mgongoni. Mukonyo anajifunza, lakini bado hukasirika mzee akimwita Whitney kwanza.

Pakiti ya daipa kumi ni shilingi 900, naye hulipwa 6,000 kwa mwezi. Anajua nyumba nyingi za Kitengela ambazo bei hiyo inazipita kimo. Kwa hiyo sasa anashona chupi ya flaneli yenye lastiki, na ndani yake mfuko wa kutia pedi ya kisasa ya kubadilishwa. Mapaja yanapumua, na pedi peke yake ni nafuu kuliko daipa nzima. Amemaliza tatu. Mbili zilivuja mshononi.

Kufikia Desemba anataka awe na cherehani yake na wateja kumi, wa kwanza wakiwa wagonjwa anaowahudumia Whitney kule Embulbul.

"Sitadanganya, wivu iko," anasema akikunja shuka. "Nangoja tu siku moja huyo msichana ashike kazi yangu, aigeuze hivi na hivi, halafu aniulize, 'Mama, hii umeifanya aje?'"