Nyanya za Nyuma ya Gurudumu

Harufu ya maji yaliyooshewa vyombo vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, yakalala siku nzima ndani ya bidoni, dumu lililofungwa, haina ndugu. Ni sabuni, ni samaki, ni kutu. Juzi nilimwaga ndoo iliyosahaulika jikoni kwangu, harufu hiyo ikanipanda puani, na mabega yakaanza kuniuma kabla sijakumbuka kwa nini. Nisameheni kwa kuwaingiza moja kwa moja kwenye maji machafu. Ndiyo sehemu ya utoto wangu iliyonichosha kuliko zote.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mto Mulongwe ulipofurika ukachukua nyumba yetu. Kilichobaki ni basi dogo la baba, ambalo injini yake ilikuwa imekufa zamani. Majirani walilisukuma hadi uwanjani kwa Bibi Zuwena, mjane wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, ambako ardhi ilikuwa imeinuka kidogo. Baba aling'oa viti, tukahamia humo: yeye, mama, mimi na mdogo wangu Imani. Kisha baba akaenda Lubarika kulima mashamba ya watu, akawa anarudi Jumamosi tu.

Bibi Zuwena hakutudai kodi. Alikuwa na sharti moja: tone la maji machafu lisianguke uwanjani kwake. Kisima chake kilikuwa hatua chache mteremkoni kutoka kwenye basi, na kwa maji hayo alitawadha mara tano kwa siku. Siku tutakayomwaga, alisema, tutafute pa kwenda, na pa kwenda hatukuwa napo.

Kwa hiyo baba alitoboa sakafu ya basi, akapitisha mpira kutoka kwenye karai hadi kwenye bidoni kubwa iliyokaa chini, akaitilia robine, kibomba cha kufungua na kufunga. Mama naye akaweka sheria zake. Maji yaliyosuuza nguo yaliosha sufuria, ya sufuria yakaosha miguu, ndipo yakaruhusiwa kushuka. Tulilala tunanuka ndagala mpaka kwenye vidole. Kazi yangu ilikuwa kufungua robine kila mchana, kujaza bidoni ndogo, kuibeba hadi kwenye shimo ng'ambo ya barabara, na kurudi kujaza tena. Safari nne, na Imani analia mgongoni.

Mama alitoka alfajiri kwenda ufukweni kuchukua ndagala, akauza sokoni hadi jioni. Mchana hakuwepo kuniona. Siku moja ya kiangazi, jua likiwa limenikalia utosini, nilifungua robine nikaiacha wazi, maji yakaenda nyuma ya gurudumu. Ardhi iliyanywa kimya kimya. Niliketi kivulini nikajiambia ni leo tu, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo.

Baada ya majuma machache, uwanja mzima ukiwa mkavu, nyuma ya gurudumu ikaota miche mitano ya nyanya. Mbegu zilikuwa zimetoka kwenye vyombo vyetu. Badala ya kuing'oa, mimi mjinga niliifurahia. Mmoja ulipolala, niliuwekea kijiti cha kuegemea.

Alhamisi moja, jua likikaribia kuzama, Bibi Zuwena alikuja na kikombe cha maji mkononi. Mama alikuwa amerudi muda huo huo, kapu bado liko kichwani.

"Mama Furaha," Bibi alisema, akiionyesha ile miche, "hizi tomati nani iko anazinywesha kiangazi hiki?"

Mama alitazama miche. Akaona kijiti. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama miguu yangu.

"Haya ni maji ya kisima," Bibi aliendelea. "Minye leo nimefunga, siwezi kuonja. Onja weye, uniambie kama iko na sabuni. Weye ni mutu wa Mungu, nitakuamini."

Mama aliimba kwaya kanisani. Sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfukuza mgeni. Alitua kapu, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole hadi tone la mwisho.

"Iko muzuri, Bibi," alisema. "Haina kitu. Lakini weye umezeeka, kamba ya kisima inakuvunja mugongo. Kuanzia leo maji ya kutawadha nitakuletea minye, ya fontaine."

Akachukua bidoni ya manjano, akaondoka kwenda fontaine, bomba la mtaa, kabla ya adhana.

Aliporudi aling'oa nyanya zote. Nilisubiri kichapo, hakikuja. Aliniambia neno moja tu, "Robine," na tangu siku hiyo sikumwaga tena. Ila niliona anajikomba kwa Bibi. Miezi ile yote, alfajiri na jioni, alipanga foleni fontaine na miguu imevimba, akapeleka maji mlangoni kwa yule bibi. Nilimwuliza, "Mama, kwani weye ni mutumishi wake? Kisima si iko pale?" Akaniambia nilale.

Mwaka jana, tukichambua ndagala pamoja, nilipata ujasiri wa kumwuliza kikombe kile kilikuwa na ladha gani.

"Sabuni," alisema bila kuinua macho. "Na ndagala. Nilikuwa naonja kisima kila juma, mupaka mvua ikakisafisha."

Bibi Zuwena alishafariki, akiamini mpaka mwisho kwamba alikuwa na mpangaji mwema. Alikuwa naye kweli. Uongo wa mama ulitupa pa kulala, na kila siku aliulipia kwa kichwa chake mwenyewe, ili kosa langu lisiingie katika sala ya mtu mwingine. Hata mara moja hakunituma mimi fontaine.

Na mimi miaka yote hiyo niliamini kwamba katika basi lile, aliyechoka ni mimi.