Emmanueli na Kompyuta Themanini na Sita

Mara ya kwanza Emmanueli aliponipigia simu, nilimkatia. Salamu aliitoa, tena shikamoo yake ilikuwa safi kabisa, lakini marahaba yangu haijakauka mdomoni akaniuliza, "Mama, kwa nini unazima kompyuta?" Loo! Mimi Mwanamkasi binti Kombo, mtu wa chumba cha kadi zahanati ya Mkange mwaka wa kumi na tisa huu, naulizwa na mtu nisiyemjua sura kwa nini nazima. Nikamwambia nazima kwa sababu niliwasha. Nikakata. Kwa hiyo leo mkinisikia namsifu, mjue nimetoka naye mbali.

Emmanueli ni Mnyamwezi wa Urambo, basi ni mtani wetu sisi wa pwani, na nitamsema nitakavyo. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikononi. Yupo Bagamoyo mwaka wa sita, chumba chake hakifiki hatua mia mbili kutoka baharini, na maji ya bahari hayajawahi kumfika kifundo cha mguu. Anayaogopa! Pweza anakula, tena anaongeza pilipili, lakini mahali anapotoka huyo pweza hataki hata kupatazama.

Kazi yake ilikuwa kwenye mradi mmoja wa afya uliotugawia kompyuta zahanati za huku, kuanzia mjini Bagamoyo, ukaenda Lugoba, ukaja mpaka kwetu njia ya Saadani. Kompyuta themanini na sita, mlezi mmoja. Mwanzoni alikuwa anazifuata kwa miguu yake. Programu ya kuandikisha wagonjwa ikibadilishwa, labda imeongezwa chanjo, labda kuna kosa limerekebishwa, anapanda bodaboda na flashi mfukoni, zahanati kwa zahanati. Miezi miwili inakatika, na akimaliza ya mwisho, ile ya kwanza imeshapitwa tena na toleo jingine. Akaona hapana, huku ni kuteka maji kwa pakacha. Akakaa akaandika maagizo kwenye kompyuta yake ya ofisini, ikawa yenyewe inaziita zile themanini na sita kwa mtandao, inazikagua moja moja, isiyo na toleo jipya inapewa, iliyo nalo inaachwa. Yeye akifika asubuhi anakuta orodha: iliyopokea ni kijani, isiyopatikana ni nyekundu. Saa ya kuziita aliipanga saa nane za usiku, maana ndivyo vitabu vya kazi yao vinavyosema, kwamba usiku hakuna anayezitumia. Waandishi wa vitabu hivyo nadhani hawakupita Mkange.

Shida ni kwamba mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Mkuu wa mradi alishamwambia waziwazi: kabla ya hapo kompyuta zote ziwe na toleo jipya, hata moja isibaki, ama sivyo kazi inapewa kampuni na yeye atafute pengine pa kulia ugali. Mkewe Gertruda ana mimba ya miezi saba. Oktoba inaisha, nyekundu thelathini na nne, na yangu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, siku arobaini haijaonekana hewani. Hayo yote mimi sikuyajua. Alipopiga mara ya pili nilikata tena.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Desemba imeshaingia, Jumatano moja akatokea mwenyewe, vumbi mpaka kwenye nyusi, ile pasi yote imekwisha. Nilimwangalia tu nikajua huyu kaja kunigombeza. Nikampa maji, nikamwacha anywe, kisha nikamshika mkono nikampeleka chumba cha nyuma.

"Hili unaliona?" nikamwuliza.

"Naliona, mama. Friji la chanjo."

"Na betri ndizo hizi mbili. Mchana sola inazijaza. Usiku zinalibeba friji, basi. Nikiziongezea na kompyuta yako, alfajiri friji limezima na chanjo za watoto wa Mkange zimeharibika. Haya, Mnyamwezi, chagua."

Akachuchumaa, akazitazama betri, akafuata waya kwa kidole mpaka ukutani. Nikaanza kumwonea huruma.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mimi nilidhani ni ukaidi."

"Ukaidi ninao pia. Ila huo ni wa siku nyingine."

Akacheka, na mimi nikacheka, ugomvi ukaishia pale. Tukala ugali kwa samaki na mchicha wa nazi. Nikamwambia babu zake walifika pwani na mizigo kichwani, yeye kaja na kamzigo ka mfukoni, ukoo umepungua nguvu. Akanijibu sisi watu wa pwani tukishashiba nazi hata simu hatuzisikii. Nikajua kumbe huyu ana kinywa!

Ananawa mikono, ndipo akaniuliza, "Mama, hapa kwenu ni saa ngapi betri zimejaa na wewe huna mgonjwa?"

Jamani, tangu tuletewe mashine hizo, tumeletewa karatasi za usifanye hiki na usiguse kile. Swali kama hilo sikuwahi kuulizwa. Nikamjibu papo hapo: "Ijumaa, saa sita na nusu mpaka saa nane." Tabibu wetu Yusuf yupo msikitini, wagonjwa wanalijua hilo hawaji, jua lipo utosini. Mimi nasali adhuhuri yangu chumba cha nyuma, na kompyuta imekaa haina kazi.

Yeye ni mtu wa kwaya ya Jumapili, jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini. Akalala na wazo hilo, asubuhi akaanza kuwapigia wenzangu wote wenye nyekundu, mmoja mmoja, na kila mmoja anamwuliza saa yake. Wengi walisema Ijumaa hiyohiyo, hata Lugoba. Wachache walikuwa na siku zao za kliniki. Kila kompyuta akaiandikia saa ya mwenyewe.

Ijumaa ya pili ya Desemba nilitoa salamu ya mwisho ya sala, nikarudi chumba cha kadi, nikaona kioo cha kompyuta kinajiandika chenyewe, mstari wa kijani unasogea. Nikabaki nimesimama nimeshika kanga kifuani. Nikaomba, Mola wangu, mpe huyu kijana wa watu. Saa nane kasoro simu ikalia.

"Mama," akasema. "Themanini na sita."

Nilipiga kigelegele watu wa msikitini wakatoka mbio wakidhani pana harusi.

Lakini asante ya punda ni mateke. Januari mkuu wa mradi alimwita, akampongeza, akampa na cheti. Halafu akamwambia kwa kuwa sasa kazi inajifanya yenyewe, mradi hauna haja ya kuendelea kumlipa mtu. Mtoto wake ana wiki tatu! Mimi nililia, na nilipomaliza kulia nilitukana, na Yusuf akanifungia mlango wagonjwa wasisikie. Emmanueli mwenyewe hakusema neno baya. Akaweka meza karibu na stendi ya Bagamoyo, akawa anatengeneza simu.

Ikaja masika. Ijumaa ya kwanza ya mawingu, kufika saa sita betri zilikuwa nusu. Nikazima kompyuta nikalinda friji langu. Hakuna aliyepiga kuuliza. Ijumaa ya pili hivyohivyo, na ya tatu, na wenzangu wenye sola wote walifanya nilivyofanya. Ningeweza kupiga simu ofisini nikawaeleza. Sikupiga. Mungu anisamehe, nilinyamaza makusudi, tena kwa raha zangu.

Wiki ya nne akapiga mkuu mwenyewe. "Mama, tuna nyekundu hamsini na moja. Programu imeharibika?"

"Haijaharibika, bwana mkuu. Mvua inanyesha."

"Sasa tufanye nini?"

"Mimi mtu wa kadi tu. Aliyekuwa anatuuliza mlimwondoa. Yupo stendi, meza ya pili ukitokea sokoni. Mkienda, nendeni na mkataba."

Akaaga kwa adabu sana.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, simu ikalia. "Shikamoo mama." Nikaitambua sauti, nikavuta kiti nikakaa. Yupo ofisini, akaniambia, wamempa mkataba wa miaka miwili. Toleo jipya limetoka, anaanza na mimi. Akauliza, "Jua likoje huko?"

Wallahi nilitamani nimpe kijani yake ya kwanza. Nikachungulia dirishani. Mvua inamwagika, mlimani hakuonekani, betri zimebaki robo.

"Leo hapana, mwanangu," nikamwambia. "Watoto wana chanjo Alhamisi."

"Haya mama. Nitasubiri."

Alisubiri siku nne. Kila asubuhi alipiga, akanisalimia, akauliza habari ya mawingu, na kompyuta hakuitaja hata siku moja.