Hatua Zinazoonekana Kanada

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilikuwa kwenye kaunta ya fundi wa simu mjini Embu. Mama aliyenitangulia alivaa saa janja mkono wa kushoto, na wa kulia ulishika bangili nyembamba ya kuhesabu hatua.

"Imekataa chaji tangu Jumapili," akamwambia fundi, akiinua bangili.

"Lakini mathe, hiyo saa pia inahesabu hatua," fundi akacheka. "Mbili za nini?"

"Saa nilijinunulia. Hii alinitumia binti yangu aliye Kanada. Nikitembea, anaona kwenye simu yake. Sasa siku mbili anaona sifuri."

"Si umpigie tu?"

"Nikimpigia huuliza nataka nini."

Aliifuta bangili kwa ncha ya leso mara tatu kabla ya kumkabidhi fundi. Fundi alipoitengeneza ikawaka, aliivaa akatoka, akalizunguka jengo mbio mbio.

Tunaambiwa vifaa hivi ni vya afya. Yeye hakuitaja afya hata mara moja.

Kesho yake asubuhi nilimpigia simu mama yangu, anayeishi kijijini Kaaga.

"Kuna shida gani?" akauliza kabla ya salamu.

"Hakuna. Uko wapi saa hii?"

"Naenda kwa ng'ombe."

Sikukata simu mpaka aliporudi jikoni.